Binti yangu anakosa hisabati kwa ajili ya tarumbeta. Nimwachishe?

Shikamoo Mwalimu,

Nakuandikia kutoka Tabora, mtaa wa Isevya. Nina binti wa miaka kumi, yuko darasa la nne katika shule moja ya binafsi hapa mjini. Mwanzoni mwa mwaka huu shule ilituletea barua wazazi, kwamba mtoto anayependa anaweza kufundishwa chombo cha muziki, mmoja mmoja, na mwalimu anayekuja shuleni siku mbili kwa wiki. Vyombo vilikuwa kinanda, gita na tarumbeta. Malipo ni shilingi 40,000 kwa mwezi, nje ya ada. Tulijua atachagua kinanda kama rafiki zake. Akachagua tarumbeta. Nilipomuuliza sababu, akaniambia aliwaona wapigaji kwenye harusi ya mama yake mdogo, na tangu siku ile anataka kujua ile sauti inatokea wapi.

Mwalimu, huyu mtoto hasukumwi. Jumatano anaamka kabla sijamwita. Mstari wa kwanza wa wimbo wa taifa ameshauweza, na babu jirani yetu akimwona anatoka shule humuuliza, leo umejifunza nini, kisha wanakaa barazani anamwimbia alichofundishwa.

Shida ni hiyo Jumatano yenyewe. Darasa lao siku hiyo lina hisabati vipindi viwili mfululizo, cha tatu na cha nne. Somo lake la tarumbeta limepangwa kipindi cha tatu, kila wiki, na hakijawahi kubadilika tangu Februari. Somo ni nusu saa, lakini kwenda, kutoa chombo, kukifuta na kurudi, kipindi kizima kinaisha. Mwalimu wake wa hisabati hataki kabisa. Mara mbili amemzuia asitoke, mwalimu wa muziki akaja kumfuata mlangoni, wakabishana mbele ya watoto. Akirudi anasimamishwa ajibu swali la kile kilichofundishwa wakati hayupo. Wenzake wameanza kumwita "Bendi".

Mtihani wa mwezi wa tatu alipata 38 kwa 50. Wa kufunga muhula, Juni, amepata 24. Masomo mengine yako palepale. Baba yake ni mfanyakazi wa reli, mara nyingi yuko safarini, na aliporudi akakutana na hiyo karatasi. Anasema mwezi wa kumi kuna upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, na mtoto akikariri darasa hataki kusikia sababu. Amesema kama nataka mwanawe akapande magari ya matarumbeta ya harusi, nisubiri kwanza amalize shule.

Nimemwona mwalimu mkuu. Akaniambia muziki ni hiari ya mzazi, hisabati ikishuka mtoeni. Mwalimu wa muziki anasema hawezi kubadilisha kwa kuwa ana shule nyingine mbili. Mchana haiwezekani, gari la shule linaondoka saa tisa na nusu, na akifika nyumbani anakwenda madrasa. Jumamosi huyo mwalimu yuko kwenye harusi. Hata mahali pa kufundishia ni taabu, madarasa ya jirani yalilalamika kelele, sasa wanafundishiwa kwenye stoo nyuma ya bwalo.

Nimtoe mpaka Oktoba ipite? Nimwachishe kabisa? Au nimhamishie kinanda ambacho hakina makelele? Nakuomba unijibu kabla muhula haujaenda mbali.

Mama wa mpiga tarumbeta,
Isevya, Tabora

*

Marahaba, mwanangu.

Usimwachishe, na wala usisubiri Oktoba. Kinanda mwachie anayekitaka. Lakini wiki hii hii nenda shuleni ukadai jambo moja: binti yako asitolewe tena kwenye kipindi cha tatu cha Jumatano. Nitakueleza namna ya kulidai, maana majibu yote uliyopewa yalikuwa ya kukuondoa ofisini.

Tuanze na zile alama. Masomo mengine yako palepale, limeshuka moja tu, na ni lile analotolewa. Kama tarumbeta ingekuwa inamchosha au inamharibia akili ya kusoma, ungeona Kiswahili kinateleza, sayansi inateleza. Hakuna. Sasa tazama ni kipindi gani hasa anachokosa. Mwalimu wa hisabati mwenye vipindi viwili mfululizo hufanya hivi karibu kila mahali: cha kwanza anaanzisha mada mpya, anafanya mifano ubaoni, anauliza maswali, cha pili anatoa zoezi na kusahihisha. Binti yako anakosa ubao, anarudi kukuta zoezi. Chukua daftari lake la hisabati usiku wa leo, fungua kurasa za kila Jumatano tangu Februari. Utakuta zoezi lenye vyekundu bila mifano juu yake, na wenzake wana mifano. Darasa la nne ndilo mahali sehemu zinaanza kukaa sawasawa, na mtoto aliyekosa siku ya kwanza ya kujumlisha sehemu atazunguka nazo hadi mwisho wa shule ya msingi. Kwa hiyo mwalimu wa hisabati ana haki ya kulalamika, na baba mtoto ana haki ya kuogopa. Sitaki uende kwao kama mtu anayekuja kutetea muziki dhidi yao.

Hesabu yenyewe iko hivi. Mwaka wa masomo Tanzania una siku 194, kwa mihula miwili. Muhula huu wa pili una kama wiki 19, toa wiki za mitihani na sikukuu, chukua zibaki 16. Ratiba ikibaki ilivyo, binti yako atakosa vipindi 16 vya hisabati, na vyote ni vile vya kuanzisha mada. Hakuna mtoto wa darasa la nne anayeweza kukosa hivyo akabaki salama, awe anapiga tarumbeta au anaumwa malaria.

Sasa chukua Jumatano hiyohiyo yenye vipindi vinane. Toa viwili vya hisabati, visiguswe. Vinabaki sita. Wiki hii atoke kipindi cha kwanza, wiki ijayo cha pili, ijayo cha tano, na kuendelea, akimaliza sita anaanza upya. Masomo 16 yakigawanywa kwa vipindi sita, hakuna kipindi kitakachoguswa zaidi ya mara tatu mpaka Desemba. Mara tatu kwa muhula ni kitu ambacho mtoto anaweza kukifidia kwa daftari la mwenzake na dakika kumi za mwalimu. Watoto hukosa zaidi ya hapo kwa homa na kwa mvua.

Hili sikulitunga mimi. Uingereza, ambako mtoto kutoka darasani kwenda kufundishwa chombo peke yake ni jambo la kawaida, kuna walimu wa vyombo wanaozunguka shule kwa shule kama huyo wenu. Mtoto hupata dakika 20 au 30 kwa wiki, na shule nyingi huzungusha saa ya somo ili somo moja lisiumizwe kila wiki. Hata suala la malipo wamelipitia: kule masomo ya saa za shule ni bure katika shule za serikali, lakini sheria inaruhusu shule kumtoza mzazi aliyeomba mwanawe afundishwe chombo peke yake au katika kikundi. Uskoti waliziondoa ada hizo mwaka 2021, kwa sababu mtoto wa asiye nacho alikuwa anabaki nje anasikiliza. Natamani siku moja tufike hapo, lakini hilo si la wiki hii.

Mwalimu wa muziki amekuambia hawezi kubadilisha kwa kuwa ana shule nyingine mbili. Siku hawezi kubadilisha, hilo namwamini. Lakini ndani ya siku hiyo anafundisha watoto kadhaa, mmoja baada ya mwingine, wa madarasa mbalimbali. Anachoombwa ni kuwabadilishia foleni. Anafika saa ileile, anaondoka saa ileile, anafundisha watoto walewale. Wa darasa la tatu anaingia kipindi cha tatu siku ambayo binti yako yuko kwenye hisabati, kwa sababu darasa la tatu hisabati yao iko saa nyingine. Kuipanga ni kazi ya jioni moja, karatasi na penseli, ratiba za madarasa zikiwa mezani.

Na mwenye ratiba hizo ni mwalimu wa taaluma. Ulikwenda kwa mwalimu mkuu, akakujibu kama mwalimu mkuu. Nenda kwa mwalimu wa taaluma. Nimeshika kazi hiyo kwa muda mrefu kabla ya kustaafu na najua ratiba inavyopangwa: mwenye kuipanga hachukii kuombwa abadilishe, anachukia kuombwa abadilishe bila kuonyeshwa pa kubadilisha. Kwa hiyo mpelekee ratiba ya darasa la binti yako umeinakili, vipindi viwili vya hisabati umevizungushia kalamu nyekundu, vile sita umeviandikia tarehe. Mwombe awaite walimu wote wawili, wa hisabati na wa muziki, muongee mara moja mkiwa watu wazima watupu. Ratiba ya mzunguko ikikubaliwa ibandikwe ukutani darasani kwao, mwanzo wa kila mwezi, ili mwalimu yeyote anayeingia ajue leo nani anatoka na saa ngapi.

Hilo la kubandika nalisisitiza kwa sababu ya kile kilichotokea mlangoni. Binti wa miaka kumi amewekwa katikati ya walimu wawili, mmoja anamwita nje, mwingine anamwambia kaa. Akitii mmoja amemkaidi mwingine. Kisha akirudi anasimamishwa ajibu asichofundishwa. Hilo limeniuma kuliko zile 24. Mtoto hapaswi kuomba ruhusa ya kwenda kwenye somo ambalo shule yenyewe imelitangaza na kulipokelea pesa. Waambie wazi, kwa adabu, kwamba kuanzia sasa binti yako hataomba ruhusa, saa yake ikifika kwenye karatasi ya ukutani anainuka anakwenda. Na mwalimu wa hisabati akiona kipindi chake hakiguswi tena, nadhani hata hiyo hasira itakuwa haina pa kukaa. Mtafute peke yake umshukuru. Amekuwa akipigania kipindi chake wakati wengine wote wanasema "hiari ya mzazi". Kisha mwombe akutajie mada tatu au nne ambazo binti hazimkai, azifanye upya naye katika masomo ya ziada ya jioni au wewe umtafutie wa kumsaidia nyumbani mwezi huu wa saba. Ratiba mpya itazuia hasara ya mbele. Ile ya nyuma lazima ilipwe.

Watakaotaka kukusaidia haraka watakuambia: basi atolewe kila wiki kwenye Sanaa na Michezo, au wakati wa mapumziko. Kataa yote mawili. Mapumziko ni ya kula, kukimbia na kuzungumza na wenzake, na mtoto ambaye ameshaanza kupewa jina la utani anahitaji kuwa uwanjani na wenziwe kuliko mwingine yeyote. Na Sanaa na Michezo ni somo lililomo kwenye mtaala mpya wa mwaka 2023, lina mambo yake: kuimba pamoja, kuchora, kuigiza, michezo. Kumtoa humo kila Jumatano kwa kuwa "yeye muziki anao tayari" ni kusema somo lile halina kitu. Liwe moja kati ya vile sita, kwa zamu yake, basi.

Sasa nije kwenye stoo.

Umeitaja kwa sentensi moja, kama taabu ya nafasi. Mimi naiona ni jambo zito kuliko ratiba, na ungeniandikia hilo peke yake bado ningekujibu. Somo la mtoto mmoja na mtu mzima mmoja halifanyiki mahali pasipoonekana. Simshuku mwalimu huyo, simjui, na kwa jinsi alivyomfuata mtoto darasani naona ni mtu anayejali kazi yake. Lakini kanuni hii haingoji mtu ashukiwe. Inamlinda mtoto, na inamlinda mwalimu mwenyewe asije akasingiziwa neno. Chumba kiwe na dirisha la kuonekana ndani au mlango uachwe wazi, kiwe mahali watu wazima wanapita, na mwalimu wa darasa ajue mtoto yuko wapi tangu dakika anayotoka hadi anayorudi. Kelele? Bwalo lenyewe liko tupu kati ya chai na chakula cha mchana, wapishi wako dirishani. Kama bwalo halifai, Tabora hatujakosa miembe. Tarumbeta ni chombo kilichozoea uwanja, chini ya mwembe kinasikika vizuri, na sauti haigongi kuta za madarasa kama inavyofanya ndani. Kipo pia kizibo cha kuweka kwenye mdomo mpana wa tarumbeta kupunguza sauti, mwalimu wa muziki anakijua, shule inaweza kununua.

Ongea na mwalimu wa malezi na unasihi juu ya hili, na uliseme kwa ajili ya watoto wote wanaofundishwa mmoja mmoja, usiliseme kwa binti yako tu. Na nyumbani, bila kumtisha, mwambie binti kwamba wakati wowote akiona jambo halimkai vizuri, somo lolote, mwalimu yeyote, aje akuambie na hatagombezwa.

Pengine utajiuliza kama haifai basi afundishwe na kikundi, aache hii ya peke yake. Kwa kinanda pengine ningesema sawa kwa kuanzia. Tarumbeta ni tofauti. Ina vitufe vitatu tu, na bila kubonyeza hata kimoja mpigaji anatoa noti kadhaa, kwa kubana midomo na kubadilisha pumzi. Maana yake noti iko mdomoni kuliko vidoleni. Mwalimu lazima amwangalie huyu mtoto mmoja: pembe za midomo zinakaza vipi, mashavu yanavimba au hayavimbi, anakandamiza chombo kwenye meno, anavuta pumzi ya kifuani au ya tumboni. Kosa la mdomo likizoeleka miezi sita kulitoa ni kazi ya miaka. Katika watoto arobaini wanaopuliza pamoja hakuna sikio linaloweza kusikia la nani ni lipi. Na midomo ni misuli, inachoka upesi. Ndiyo sababu nusu saa kwa wiki na mwalimu, kisha dakika kumi au kumi na tano kila siku nyumbani, inamtosha mwanafunzi wa umri wake. Saa mbili za Jumamosi haziwezi kuchukua nafasi hiyo hata kama mwalimu angekuwa hana harusi. Umri wake pia ni mzuri, kwa miaka kumi meno ya mbele ya ukubwani yameshakaa.

Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na kumsimamisha mpaka Oktoba. Miezi mitatu bila kupuliza, mdomo aliojenga tangu Februari unapotea, na Novemba ataanza na aibu ya kushindwa mstari aliokuwa anauweza. Nitakachokubali ni hiki: wiki mbili kabla ya upimaji wa kitaifa asitoke darasani kabisa, apige nyumbani tu, na siku yoyote yenye jaribio la somo lolote asitoke. Liandikwe kwenye makubaliano na mwalimu wa taaluma.

Kuhusu baba yake. Kwanza mpe haki yake. Mtu katoka safari kakuta 24, ulitaka aseme nini? Usimwambie muziki unaongeza akili, hilo husemwa kuliko linavyothibitishwa. Mwambie kilicho kweli. Mwaka 1985 mtafiti mmoja wa Marekani, Edward Kvet, alichapisha utafiti juu ya watoto wa darasa la sita waliokuwa wakitolewa darasani kwenda kufundishwa vyombo, akawalinganisha na waliobaki, katika kusoma, lugha na hisabati. Hakukuta tofauti ya maana kati yao. Mimi nauchukulia kwa tahadhari, kwa kuwa sidhani madarasa yale yalikuwa na msongamano wa kwetu, na wala hautetei kumtoa mtoto kwenye kipindi kilekile kila wiki. Lakini unatosha kumwonyesha baba kwamba kutoka darasani nusu saa kwa wiki, kukiwa na utaratibu, hakumwangushi mtoto. Kisha mwekee ile hesabu ya 16 na ile ya tatu mezani. Watu wa reli wanaishi kwa ratiba, atakuelewa kabla hujamaliza.

Lile neno la magari ya harusi, mjibu kwa upole lakini usiliache lipite. Anayewapigia watu harusi Jumamosi ndiye huyo anayemfundisha binti yenu Jumatano, na analisha familia kwa kazi halali. Tena mlango hauishii kwenye harusi. Jeshi, Polisi na Magereza wote wana bendi zao za matarumbeta, na wapigaji wake ni askari wenye mshahara na cheo. Muziki ni somo linalotahiniwa kidato cha nne. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kimesomesha walimu wa muziki kwa miaka mingi, Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu 1981, ambacho leo ni TaSUBa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana shahada. Na huyo baba anaishi katika mji uliozaa Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, bendi ambazo nchi nzima ilicheza. Sioni aibu ya mtoto wa Tabora kupuliza tarumbeta. Binti anaweza pia asiyafuate yote hayo, akawa mhasibu anayepiga tarumbeta jioni, na hiyo nayo ni heri.

Kisha fanya hivi: safari ijayo akirudi, kabla hamjazungumza lolote, mwombe babu jirani aje barazani, na binti awapigie huo mstari wa kwanza, kwa chombo chenyewe kama shule itamruhusu kukibeba. Baba hajawahi kumsikia, au sivyo? Katika barua yako yote sijaona mahali amemsikia.

Kama shule itakataa mzunguko, na ukawa umesubiri mwezi mzima bila jibu, usiendelee kulipa 40,000 ukinunua ugomvi. Waandikie barua kwamba unasimamisha malipo mpaka ratiba irekebishwe, nakala kwa kamati ya shule, na watafute wazazi wengine wenye watoto kwenye somo hilo waandike pia. Bila shaka si binti yako peke yake anayekosa kipindi kimoja kila wiki. Kuna mwenzake anakosa Kiingereza na mama yake bado hajaunganisha mambo. Wakati huo mwulize mwalimu wa muziki kama ana asubuhi yoyote ya Jumapili.

Neno la mwisho ni la mazoezi ya nyumbani. Kama chombo ni cha shule na hakiruhusiwi kutoka, omba kile kipande kidogo cha kupulizia peke yake, au mnunulie cha kwake, ambacho ningekushauri kwa vyovyote vile, maana watoto watano kuweka midomo kwenye kipande kimoja ni kuambukizana mafua na vidonda. Kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kila baada ya kutumika. Kwa kipande hicho tu anaweza kufanya mazoezi ya mdomo na pumzi dakika kumi kila siku kabla ya madrasa, na sauti yake ni ndogo, haimwamshi mtoto wa jirani.